Jibu: Kujenga upya nyumba ya urithi Mji Mkongwe, Zanzibar

Ndugu yangu, umeuliza kama mnaweza kuibomoa nyumba ya babu iliyoporomoka paa na kujenga mpya ya familia. Kabla ya kugusa jiwe, ombeni kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani eneo hilo limo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mkiruhusiwa, nakusihi nyumba mpya isizidi kimo cha majirani, ibaki na baraza yake, na ukuta unaoshikana na wa jirani ujengwe kwa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe mpaka lipu ikabanduka vipande vipande. Boriti zilizo nzima zihifadhiwe. Na mlango wa nakshi, tafadhali, msiuuze.