Akaunti ya dola nyumbani: niliyojifunza nikiwa Doha

Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Nilikuwa na dola 8,000 kwenye akaunti yangu ya dola kule Mombasa, na fundi alishanipigia mara mbili: kuta zimefika linta, tukinunua mbao na mabati sasa tutawahi kuezeka kabla ya masika. Nikamwambia asubiri. Hapa Doha, kambini na hata nje ya msikiti, kila mtu alikuwa akisema dola itafika 170, wengine 200.

Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Mwezi huohuo serikali ikakopa upya nje na kununua sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa lilipwe Juni, lile lililotutia hofu sote. Shilingi ikainuka. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Dola zangu 8,000, ambazo zingenipa shilingi 1,280,000, zikawa 1,040,000. Hizo 240,000 ndizo mabati yenyewe. Nyumba ikanyeshewa masika yote.

Ndiyo maana ndugu zangu wanaponiuliza kuhusu akaunti hizi na kuanza na riba, mimi huwauliza: pesa hizo utalipia nini, na lini? Saruji, mafundi na karo za huko nyumbani hulipwa kwa shilingi. Gari la kuagiza Japani au ada ya chuo cha nje hulipwa kwa dola. Pesa ya ujenzi ya miezi sita ijayo sasa naibadilisha kidogokidogo kila mwezi, bila kujali bei ya siku hiyo. Iliyobaki ndiyo inayokaa kwenye dola.

Sisi wa Ghuba tuelewe jambo moja zaidi. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, 3.64 kwa dola moja, kwa hiyo kuhamisha riyali kwenda dola hakukukingi na lolote ambalo riyali isingekukinga. Faida yake iko kwingine: pesa inakuwa mbali na mkono, inapata riba, na mkataba ukiisha hutahangaika kufunga akaunti ya ugenini wiki ya kuondoka. Aliye Uingereza analipwa pauni, basi aulizie akaunti ya pauni. Benki nyingi za Kenya zinazo, na za yuro pia.

Kufungua si kazi kubwa. Utahitaji pasipoti, PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya) na uthibitisho wa unakoishi, mara nyingi nakala zikiwa zimegongwa muhuri ubalozini au kwa wakili. Saini yako iwe ileile kila karatasi, la sivyo watakurudishia fomu.

Pesa hupotea njiani. Mara ya kwanza nilipeleka riyali 3,640 kwenye duka la kutuma pesa, nikitarajia dola 1,000. Zikafika dola 953. Duka lilizigeuza riyali kuwa shilingi, kisha benki ikazigeuza shilingi kuwa dola kwa bei yake ya kuuzia. Nilikatwa mara mbili. Siku hizi natuma dola moja kwa moja, benki kwa benki, kwa msimbo wa SWIFT, yaani herufi zinazoitambulisha benki kimataifa. Kabla ya kutuma naiomba benki ya nyumbani maelezo ya benki wakala wake wa dola, yaani benki ya nje inayoipokelea dola, na kwenye fomu nachagua gharama zote zikatwe kwangu. Kwa kuwa ada ni karibu ileile kwa kiasi kidogo au kikubwa, nakusanya na kutuma mara moja kila miezi mitatu.

Tukija kwenye amana ya muda maalumu, ile tunayoiita fiksidi, mimi nilipewa asilimia 4 kwa mwaka. Kwa dola 5,000 ni dola 200, kisha kodi ya asilimia 15 ya riba inachukua 30. Ukiivunja kabla ya wakati, riba yote au sehemu kubwa inakwenda. Kwa hiyo nimeigawa mafungu matatu yanayoiva miezi tofauti, na naandika mapema nataka nini ikiiva, kwa sababu ukinyamaza benki huifunga upya.

Msiweke zote benki moja. Kenya, bima ya amana inamlinda mweka amana hadi shilingi 500,000 kwa kila benki, na hata dola zako zikirudishwa, zitarudishwa kwa shilingi. Hiyo haifiki dola 4,000 kwa bei ya 129. Na walio Marekani wakumbuke: akaunti zao zote za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 hata siku moja katika mwaka, lazima watoe taarifa serikalini kwa fomu ya FBAR. Kodi isipodaiwa, taarifa bado inadaiwa, na faini zake ni kali sana.

Fungu langu la tatu linaiva Oktoba. Barua nimeshaipeleka benki: nusu igeuzwe shilingi siku hiyohiyo, bei iwe yoyote itakayokuwepo. Ni za milango na madirisha, na fundi nimeshamwambia tarehe.