Maswali ya Wasomaji: PlayStation 2 Kwenye TV Bapa

SWALI: Nina kibanda cha gemu. TV ya chogo imekufa, nikanunua bapa ya inchi 43. Sasa PlayStation 2 inatoa picha ya ukungu, hata majina ya wachezaji wa mpira hayasomeki. Kosa ni la TV au la mashine? (Msomaji, Arua)

JIBU: Kosa ni la waya. Ule wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na TV inapovitenganisha, rangi huvuja kwenye kingo za herufi. Chogo iliificha kasoro hiyo. Inchi 43 zinaikuza.

Tafuta waya wa komponenti wa PS2, unaopitisha mwanga na rangi kwa njia tofauti. Una vichwa vitano: kijani, buluu na nyekundu vya picha, nyeupe na nyekundu vya sauti. Usiuchomeke kwanza. Ukiwa bado na waya wa njano, washa mashine bila diski, ingia System Configuration, kisha Component Video Out, uchague Y Cb/Pb Cr/Pr badala ya RGB. Hatua hii ikirukwa, picha hutoka na rangi za ajabu, mara nyingi kijani kila mahali, na wengi humrudishia muuzaji waya mzima kabisa. Ukishabadilisha, zima mashine, ndipo uchomeke waya mpya.

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe, usimwite fundi. Kwenye TV nyingi tundu la kijani ndilo hilo hilo la njano, kwa hiyo chagua Component kwa rimoti, si AV. Kisha weka umbo la picha 4:3, washa Game Mode ili vidole na picha viende pamoja, na ushushe Sharpness karibu na sifuri. Ikiwa juu huchora mistari myeupe kuzunguka kila kitu.

Tahadhari moja: diski za PlayStation ya kwanza hutoa picha ya 240p (yenye mistari 240 tu), na TV bapa nyingi huikataa kupitia komponenti. Ukiona "No Signal", kwa diski hizo rudi kwenye waya wa njano.

SWALI: Nimenunua kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI, nikaweka swichi kwenye 1080p. Mbona picha ni ile ile, na pedi inachelewa? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Kwa sababu kinapokea waya ule ule wa njano. Hiyo 1080p ni kukuza tu picha iliyokwisha kuharibika, na kukuza huko nako kunakula muda. Kama TV yako haina komponenti, afadhali kile kidude kidogo kinachochomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2, chenye tundu la HDMI na la sauti. Nacho kinadai mpangilio wa Y Cb/Pb Cr/Pr.

SWALI: Ndugu yangu ameniletea PS2 nene kutoka Japani. Niichomeke tu? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Hapana! Hiyo ni ya volti 100, umeme wetu ni 240. Utaiunguza papo hapo. Nunua transfoma ya kushusha hadi 100. Pia inatoa picha ya NTSC, mfumo wa TV wa Japani, hivyo kwenye chogo inayopokea PAL tu, mfumo wa kwetu, utapata picha isiyo na rangi au inayozunguka. TV bapa nyingi huipokea vizuri.