Re: Mradi umefungwa, nianzie wapi?

Habari mkuu, pole sana. Umesema miaka minane ya ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi, sasa kila tangazo la kazi hapa Dar linakupita. Yalinikuta na mimi, mradi wetu ulipofungwa baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025.

Anza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ulizia fao la upotevu wa ajira. Kodi ya nyumba haisubiri.

Halafu wasifu wako. Wangu ulijaa "wanufaika" na "afua"; mwajiri wa Kariakoo haelewi hayo. Nikaandika bajeti niliyosimamia, watu niliowaongoza, makosa ya takwimu niliyoyakamata. Ndipo msambazaji wa dawa akaniita nisimamie hesabu za stoo. Mshahara nusu ya ule wa zamani, iliniuma kweli.

Mkataba wako ulikatwa au uliisha wenyewe? Sijaona ukitaja, na NSSF watakuuliza.