Sainasi inayorudi kila dozi inapoisha

Swali: Daktari, huu ni mwezi wa tano tangu pua izibe, makamasi mazito yananishukia kooni, uso unauma chini ya macho na harufu sisikii. Nimemaliza dozi tatu za antibayotiki. Napata nafuu wiki moja, kisha hali inarudi. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Dalili hizi zikipita wiki 12 huitwa sainasi sugu, na hapo kinachokusumbua zaidi ni uvimbe. Sainasi zenyewe ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, na kila kimoja humwaga ute puani kupitia kitundu chembamba. Utando ukivimba, kitundu huziba na ute hulala humo. Antibayotiki hupunguza bakteria lakini kitundu hubaki kimeziba.

Chanzo huwa mzio, moshi wa sigara, nyama za pua au ukuta wa pua uliopinda. Ikiwa ni upande mmoja tu na usaha unanuka, ukaguliwe magego ya juu, maana mizizi yake inapakana na sainasi ya shavu.

Anza kwa kuosha pua kila siku. Chemsha maji yatokote dakika 1, yaache yawe vuguvugu, kisha katika mililita 240 koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyatumie kabisa: kuna amiba (kidudu kisichoonekana kwa macho), ingawa ni adimu, anayepitia puani hadi kwenye ubongo na kuua. Inamia sinki, pindua kichwa ubavu, pumua kwa mdomo. Maji yaingie tundu la juu yatokee la chini.

Baadaye pulizia dawa ya steroidi ya puani (hupunguza uvimbe), ambayo wengi huikosea. Wakiinua kichwa, dawa huishia kooni. Wakielekeza ncha katikati, ukuta wa pua huchubuka na kutoa damu. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza ncha kwenye sikio la upande huohuo, vuta pumzi taratibu. Ipe wiki 8 hadi 12 bila kuruka siku. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5, vinginevyo pua huziba kuliko mwanzo.

Usipopata nafuu, daktari wa pua atatazama kwa kamera na kuagiza picha ya CT (eksirei ya kompyuta). Upasuaji hupanua vitundu, lakini kuosha na kupulizia huendelea hata baada yake. Jicho likivimba, ukiona viwiliviwili au shingo ikikakamaa, nenda hospitali saa hiyohiyo.