Kabichi ya mama lishe na ulinzi wa vinasaba

Swali: Shikamoo daktari. Mi ni mama lishe hapa Chumbageni, Tanga. Mteja kaniambia kabichi ina dawa inayolinda vinasaba visiharibike, mtu asipate kansa. Sasa mi nikishakata naitupia sufuriani hapohapo inachemka mpaka ilainike kabisa, hiyo dawa si inaondoka na mvuke?

Jibu: Marahaba mwanangu. Haiondoki na mvuke, kwa upishi huo mara nyingi inakuwa hata haijatengenezwa. Kabichi, chainizi na sukuma wiki zina vitu vinaitwa glukosinoleti, vimetulia tu ndani ya jani, ukikata ndo vinakutana na kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, ambacho jani lilikuwa limekitenga pembeni, hapo zinazaliwa kemikali zenye ule ukali wa kabichi mbichi, maarufu zaidi ni salforafeni ambayo brokoli inayo nyingi. Hiyo inaamsha vimeng'enya vya mwili wako, hasa vya ini, vinasa sumu na kuitoa kabla haijafika kwenye DNA, yaani hivyo vinasaba. Shida moto unaua kile kimeng'enya cha jani, kwahiyo ukikata na kutumbukiza papo hapo umekiwahi. Kata nyembamba, acha kwenye ungo nusu saa hivi, halafu pika fasta itoke bado inalia mdomoni. Ukiwa na unga wa haradali nyunyiza kidogo baada ya kuipua, una kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Ila kisamvu usikifanyie haya jamani, kile twanga na uchemshe sana, kina sayanaidi.

Lakini mi ningeanzia kwenye karanga unazoungia hiyo mboga. Sumukuvu, ile ya ukungu wa karanga na mahindi, ini likishaibadilisha inajibandika kwenye DNA yake na kuiharibu, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kule Qidong, China, watu 180 waligawanywa, nusu wakapewa vidonge vya klorofilini vinavyotokana na ukijani wa majani, miligramu 100 mara 3 kwa siku kwa miezi 4, na alama ya uharibifu huo kwenye mkojo ikashuka kwa asilimia 55, matokeo yalitoka 2001. Ni vidonge lakini, sio bakuli la mchicha, na walichopima ni hiyo alama tu, sio nani kapata kansa, kwahiyo wanaokuuzia unga wa kijani kwa bei ya ajabu waache wapite.

Wewe chambua karanga kabla ya kutwanga, zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi tupa, maana kuchemsha hakumalizi hiyo sumu. Na usiwape kuku, nao inawaua.