Kabla Hujapanda Gari la Doria

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa uandishi wa habari Kampala, ameuliza afanyeje ili akae zamu nzima na askari polisi. Wengi huharibu mwanzoni: wanamtafuta afande wanayemjua, wanaingia garini kimya kimya. Mkikamatwa, anayepoteza kazi ni yeye.

Andika barua kwa DPC, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, wa eneo lako. Taja tarehe, saa za kuanza na kumaliza, na matumizi ya utakachoandika. Ambatisha barua ya chuo na nakala ya kitambulisho cha taifa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo, maana mkuu wa zamu huenda hajaambiwa lolote.

Vaa viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza. Mabaka ya kijeshi usivae, hata kofia. Nchini Uganda, kwa asiye mwanajeshi ni kosa la jinai. Fulana ya kung'aa nayo iache, umati utakudhania askari. Kwenye pikapu omba kiti cha ndani ya kabini. Benchi za nyuma ni za askari na washukiwa, na dereva akikata kona ghafla mgeni hajui pa kushika. Wakishuka, baki garini mpaka uitwe, hasa mwizi anapopigwa na watu: mawe hayachagui. Na usitanie kwa kusema "panda gari". Wazee wa Kampala wanalikumbuka neno hilo kwa misako ya miaka ya 1980, na bado linauma.

Ukijua Kiswahili una bahati. "Jambo afande" inafungua mlango ambao Kiingereza cha chuoni hakiufungui.

Lakini tunakuomba sana: saa ya kwanza na ya mwisho zitumie kwenye kaunta ya kituo cha polisi. Mbio za barabarani ni dakika chache. Haki ya mtu inalindwa au inapotea kwenye kitabu cha kumbukumbu cha kituo. Tazama mshukiwa anavyopokelewa. Anavua mkanda, anatoa kamba za viatu, simu, pesa. Pesa zihesabiwe mbele yake, ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, atie sahihi. Mstari huo ukirukwa, asubuhi hakuna wa kuulizwa shilingi zimekwenda wapi. Tazama pia saa ya kukamatwa imeandikwa, kwani Katiba ya 1995 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kuachiwa kutoka kituoni, ni bure. Ndugu akikupa pesa umfikishie afande, usiziguse.

Usipige picha za uso wa mshukiwa, mtoto au majeruhi, hata ukiruhusiwa na askari; ruhusa hiyo si yake kuitoa.

Daftari liwe la kurasa zilizoshonwa, kila tukio na saa yake. Kesi ikifika mahakamani unaweza kuitwa shahidi, na wakili atataka kuona ukurasa wa saa 5:40 usiku, akiangalia kama kuna uliochanwa kabla yake.