Ngumi huanzia mguuni: majibu kwa mabondia wa Lubumbashi

Kiangazi kimefika, viwanja vimekauka, na barua za mabondia zimeongezeka. Karibu wote mnauliza kuhusu mikono. Mtanisamehe nikiwajibu zaidi kuhusu miguu.

Kocha, nabeba magunia sokoni kila siku na mabega yangu ni magumu, lakini ngumi yangu haimtikisi mtu. Kuna mwembamba wa kilo 57 klabuni kwetu, akinipiga mkono mmoja tu narudi nyuma. Kwa nini? (Kijana, Katuba)

Kwa sababu yeye anapiga kwa mwili mzima, wewe unapiga kwa bega. Kubeba magunia kumekupa mgongo na mapaja, hilo ni jema. Ila gunia linakutaka ukaze misuli muda wote, na ngumi inakutaka ulegee mpaka karibu na mwisho. Ukikaza bega tangu mwanzo, misuli ya kurudisha mkono inashindana na ile ya kuupeleka, na konde linafika limekwisha nguvu.

Fanya hivi. Ardhi yetu nyekundu wakati huu ina vumbi laini juu. Simama mguu wa kushoto mbele, piga mkono wa kulia hewani mara moja, polepole, kisha sogea kando utazame alama ya mguu wa nyuma. Ukikuta chini ya vidole pamechimbika kishimo kilichozunguka, na kisigino kimefagia vumbi kwenda nje, basi nguvu ilitoka ardhini, ikapanda gotini, ikageuza nyonga na kufika begani. Ukikuta unyayo mzima, kisigino mpaka vidole, hakuna kilichosogea, ulipiga kwa mkono peke yake. Rudia mpaka vumbi likubali.

Jihadhari na kitu kimoja: wengi hugeuza mguu baada ya ngumi kwisha kufika. Hiyo ni ngoma tu. Mguu utangulie, nyonga ifuate, mkono uwe wa mwisho, na kiganja ukikaze pale unapokaribia kugusa. Toa pumzi kwa kila ngumi. Mkono urudi shavuni kwa njia ileile uliyoendea. Ukiurudisha kwa chini, yule wa kilo 57 atakushukuru.

Kila siku naambiwa nisipishanishe miguu. Peke yangu naweza. Nikishambuliwa nasahau kila kitu. (Mwanaklabu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi)

Kanuni unaijua: mguu ulio upande unaoelekea ndio unaoanza. Ukienda mbele, wa mbele. Ukirudi, wa nyuma. Kushoto, wa kushoto. Kulia, wa kulia. Wa pili unafuata kwa umbali uleule, ili usibaki umebana miguu wala kuitanua. Lakini kanuni iliyo kichwani haimsaidii mtu aliyeshtuka. Inabidi miguu iizoee.

Chukua kipande cha makala, yaani mkaa, chora mistari miwili kwenye sementi, upana wa mabega yako, kila mguu na mstari wake. Raundi ya kwanza nenda na kurudi bila ngumi hata moja. Ya pili, jebu moja, yaani ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, kwa kila hatua. Ya tatu ndiyo dawa yako: mwenzako akusukume kifuani kwa viganja, bila kukuonya ni lini, nawe urudi nyuma miguu ikibaki kwenye mistari yake. Mkimaliza, fanyeni tena kesho. Haivutii kwenye simu, ndiyo maana wengi hawaifanyi.

Anayetaka mfano atafute mapambano ya Sumbu Kalambay. Alizaliwa hapa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville, akafanya kazi yake ya ngumi Italia. Mwaka 1987 alimshinda Iran Barkley akatwaa ubingwa wa dunia wa WBA, chama cha ngumi za kulipwa, uzito wa kati, na Machi 1988 akampiga kwa pointi Mike McCallum, mtu ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Jebu ikigusa, yeye tayari ameshaondoka nusu hatua. Naudhika nikiona vijana wa mji huu wanataja mabondia wote wa Las Vegas na huyu hawamjui.

Kocha wetu anakataza kuegemea kamba. Mbona Muhammad Ali aliegemea pale Kinshasa na akashinda? (Msomaji, Kamalondo)

Ali hakuanza hivyo. Tarehe 30 Oktoba 1974, raundi ya kwanza alizunguka na kumchapa bingwa George Foreman kwa mkono wa kulia bila kutanguliza jebu. Shida ilikuwa kwamba Foreman, miaka 25, ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, alijua kufunga njia. Ali akienda hatua mbili, yeye alikwenda moja tu na kumkuta. Ali alikuwa na miaka 32 na aliona kwamba kwa mwendo ule atachoka mapema. Ndipo akaenda kwenye kamba, viwiko mbavuni, kichwa kikirudi nyuma, akimshika Foreman shingoni na kumrudishia ngumi kila alipopata nafasi. Raundi ya 8 mambo yakaisha.

Wewe uko kwenye ngumi za ridhaa: raundi 3 za dakika 3. Huna muda wa kumsubiri mtu achoke, na majaji wanaona unapigwa tu. Mimi ningekuambia ujifunze kwa aliyeshindwa. Usimfuate mpinzani anakopita. Nenda anakotaka kwenda. Mazoezi yake ni rahisi: mwenzako azunguke ulingoni, nawe, mikono juu bila kupiga, umpeleke mpaka kona. Ukipishanisha miguu atakuponyoka.

Kifundo cha mkono kinauma nikipiga begi. Begi letu ni gunia la mchanga. (Bondia, Ruashi)

Mchanga umewaumiza wengi. Unashuka chini na kugandamana, juu panabaki laini na chini pagumu. Umwageni. Jazeni nguo kuukuu zilizokatwa vipande, mkishindilia kidogo kidogo. Mkitaka uzito, mfuko mdogo wa mchanga ukae katikati kabisa, nguo ziuzunguke pande zote.

Bendeji ya mita 4 hivi inatosha. Izungushe kwanza kwenye kifundo cha mkono, mara tatu, kabla ya kwenda vidoleni. Ukipiga, gusa kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, mgongo wa kiganja ukinyooka na mkono. Kroshe, yaani ngumi ya kuzungusha, ikitupwa haraka na ovyo hutua upande wa kidole kidogo, na mfupa wa upande huo ni mwepesi kuvunjika. Ukiona uvimbe, acha begi uende upigwe picha hospitali. Miguu haina jeraha, endelea na mistari ya makala.

Kamba niruke dakika ngapi? (Kampemba)

Raundi 3 za dakika 3, pumziko dakika 1. Ruka chini kabisa, visigino visiguse. Na asubuhi hizi za Juni na Julai baridi ni kali, kwa hiyo kamba kwanza, begi baadaye.

Binti yangu ana miaka 13 na anataka ngumi. Baba yake hataki. (Mama, Bel-Air)

Mama, wanawake wanapigana Olimpiki tangu London 2012, kwa hiyo suala si kwamba ni msichana. Suala ni kichwa chake. Kwa umri huo afundishwe miguu, kamba, kupiga kivuli na pedi za kocha. Ngumi za kichwani hazihitaji kwa sasa. Nenda na baba yake mkamuulize kocha: mtoto akigongwa akaumwa kichwa au kutapika, mnafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba anaacha mazoezi papo hapo na anaonwa na daktari. Kocha akisema atazoea, tafuteni klabu nyingine.

Nikikutana na mshoto, anayetanguliza mguu na mkono wa kulia, nachanganyikiwa. Jebu yangu inagongana na yake. (Bondia, Katuba)

Hauko peke yako. Kalambay mwenyewe aliangushwa raundi ya kwanza Machi 1989 na Michael Nunn, mshoto, kwa mkono wa kushoto. Ilunga Makabu, Mkongomani mwenzetu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa WBC, chama kingine cha ngumi za kulipwa, Kinshasa Januari 2020, naye ni mshoto.

Tazama miguu ya mbele: wa kwako na wa kwake inatazamana. Wa kwako uwe nje ya wa kwake, yaani zunguka kwenda kushoto kwako. Hapo unauacha mbali mkono wake mzito, na mkono wako wa kulia unapata njia iliyonyooka. Usihangaike kushindana jebu; tumia ya kwako kuufunika mkono wake wa mbele, halafu piga kulia. Kama klabu haina mshoto, mwombe mwenzako ageuze miguu raundi mbili kila siku ya mazoezi. Atapiga ovyo, lakini mguu wake wa mbele utakuwa mahali pale pale unapokusumbua.